Mchanga wa Kukaa

Rukia, ule mchanga wa Vumawimbi uliousifu,
mweupe, laini kama unga wa sembe,
nimeumwaga tangini jana, hapa Wete.
Pampu zilipowaka ukapanda wote.
Samaki wakaogelea ndani ya uji.
Kulipokucha, kona moja kioo kitupu,
kona nyingine kichuguu,
matumbawe yamezibwa midomo.

Leo nimerudi pwani na ndoo, na chekeche la mama.
Nakoroga, nahesabu hadi tatu;
unaochelewa kutua naumwaga.
Uliobaki: vigae vya kombe,
chembe za tumbawe kubwa kama mtama,
rangi ya jino bovu.
Si wa kupigia picha.
Mkondo ukiupiga
unajigeuza ubavu tu, kisha unalala.

Chekeche nimelirudisha jikoni.
Chapati za usiku zinakwaruza meno.
Mama ananitazama tu.