Mstari wa Ishirini na Tatu

Jumapili usiku mji wa Võru umeshazima taa,
nami nafungua jedwali la Novemba.
Safu ya kwanza tarehe, ya pili saa,
ya tatu maneno, ya nne picha,
ya tano ni ya Hilja, mwenye tanuri:
aandike "ndiyo" au "hapana".
Mara nyingi huandika "labda".
Mara moja aliandika, "Liis, kalale."

Kijani kimekwenda.
Njano kinangoja picha.
Chekundu ni kile alichokikataa,
kama siku niliposema mkate wetu mweusi
umekandwa kwa mapenzi.
"Umekandwa kwa maji," alisema. "Una chumvi na kisibiti. Andika hivyo."
Nikaandika hivyo.
Watu mia mbili na tisa wakapenda.

Najua saa za watu kuliko watu wenyewe.
Saa moja na nusu asubuhi, basi la Tartu,
vidole vinatafuta pa kwenda.
Saa kumi jioni, akina mama langoni mwa shule.
Ijumaa usiku usiweke kitu,
Ijumaa usiku mji uko saunani
na simu zimeachwa mifukoni, kwenye misumari.

Mstari wa ishirini na tatu niliuandika tangu Agosti,
miguu yangu ikiwa ndani ya ziwa:
*Theluji ya kwanza! Kahawa bure
kwa atakayeingia na theluji mabegani.*
Tarehe kumi na tano, saa nne kamili.

Hilja alivaa miwani, akasoma,
akacheka hadi unga ukaruka mezani.
"Umeipangia theluji saa?"
Nikamwambia, miaka sita sasa haijapita tarehe hiyo.
"Na yenyewe umeiuliza?"

Kisha akanyamaza, akifuta meza iliyokwisha kufutika.
Enzi za Arvo, akasema, hapakuwa na haya.
Ikianguka, alitoka na koleo la mikate,
akagonga madirisha ya mtaa mzima, alfajiri,
na wengine walimtukana.

Tarehe kumi na tano, saa nne kamili,
mashine ikatii.
Nje, mvua.
Mvua ya kijivu tu, isiyo na habari na mtu.
Mipango si matumizi, najua,
lakini nilikuwa ghalani nahesabu magunia,
na chapisho lilikuwa limekwisha kutoka.

Wakaja.
Ülo wa baiskeli alikuja na pamba mabegani,
pamba ya sanduku la Krismasi, bado ina nyota moja ya dhahabu.
Wasichana wawili wa shule wamejichania daftari la hesabu,
vipande vyenye sehemu na desimali kwenye nywele.
Mzee Endel alikwangua barafu ya friza yake,
akatembea nayo mitaa mitatu kiganjani,
alipofika ana maji tu na vidole vyekundu.
"Ilikuwepo," alisema. "Niliiona mwenyewe."
Hilja akammiminia kikombe cha kwanza.

Birika liliisha mara nne.
Mimi nimesimama na aproni, uso unawaka,
natafuta rangi ya kitu kama hiki:
si kijani, maana hakikwenda nilivyokituma,
si chekundu, maana hakuna aliyekataa.

Nikafuta mstari. Nikaurudisha. Nikaufuta tena.
Wiki hiyo sikupanga chochote isipokuwa bei ya maandazi.

Usiku wa kuamkia Jumatatu, tarehe ishirini, ikaja yenyewe,
saa tisa, hakuna aliye macho
ila mwenye kuwasha tanuri.
Asubuhi nilikuta nyayo mbele ya duka,
zinakwenda hadi dirisha la Ülo, hadi la Endel,
zinarudi.
Koleo lilikuwa limeegemea mlango, limelowa.

Na ndani ya jedwali, mstari wa ishirini na tatu,
safu ya tano,
kwa kidole kimoja, bila herufi kubwa, bila nukta:
imekuja

Safu ya picha ni tupu.
Sijaipaka rangi.