Mnara wa Ruokoniemi

Mwanzo wa Mei, saa kumi na moja alfajiri,
na jua la Ufini limeshaingia bila kubisha hodi.
Barafu ya mwisho imejificha kwenye matete, upande wa kivuli.
Ngazi za mnara ni ishirini na tisa.
Najua kwa sababu kaka yangu Veikko huzihesabu,
kama ahesabuvyo bata, na vikombe vya kahawa,
na mara ngapi upepo umegeuka.
Machipuko arobaini na moja yamo ndani ya makasha ya viatu
chini ya kitanda chake, daftari juu ya daftari,
wala hamna humo hata ndege mmoja wa kukisia.
"Nadhani si ndege," husema. "Nadhani haina mbawa."

Wanakuja.
Bata bukini kwa mstari uliopinda, wakigombania uongozi.
Korongo wawili, miguu nyuma kama bakora zilizosahauliwa.
Kitwitwi ukingoni, mkia haumtulii.
Mbayuwayu wa kwanza, kavuka jangwa zima
na bado ana nguvu za mchezo.
Mnarani hatupigi kelele. Furaha huku ni kuvuta pumzi,
kisha kusogea kidogo ili jirani naye aone.

Lakini msituni, nyuma yetu, kuna kijindege
chenye utepe wa manjano utosini, uzito wake sarafu moja,
na wimbo wake ni uzi unaopita tundu la sindano.
Uzi huo ulimkatikia Veikko miaka mitatu iliyopita.
Daktari alimchorea mstari, ukateremka karatasini:
hadi hapa unasikia; kuanzia hapa, basi.

Ndipo akaajiri masikio.
Pihla, mjukuu wake, miaka tisa,
mshahara andazi moja la iliki kila asubuhi.
Kikiimba, humgusa babu kiwiko. Naye huandika.

Leo tulingoja. Andazi likaliwa, kahawa ikapoa.
Misonobari ilinyamaza. Masikio yangu mazima, naapa:
ilinyamaza kama nyumba ya watu waliohama.
Veikko kainamisha kichwa kuelekea msituni,
mdomo wazi kidogo,
kama mtu anayesubiri jina lake lisomwe.
Nikamwona mtoto anavyomtazama.
Muda mrefu.
Kisha akamgusa kiwiko.

Kaka yangu akageuka, akanitazama mimi.
Nami ghafla nikapata kazi kubwa
ya kuhesabu shakwe.

Aliandika. Saa, upepo, idadi: mmoja.
Jioni nilipokuwa natundika makoti daftari lilianguka, likafunguka,
nikasoma nisichotumwa kusoma.
Ndege wote kwa wino, kama siku zote.
Huyu kwa penseli.
Penseli ile ina kifutio kwenye kisigino chake,
cha waridi, kipya,
hakijaguswa.