Mpaka Ijumaa

Nyumba ya Bi Mesalimu ina magurudumu sita,
matatu hayana upepo.
Imeegeshwa Mtongwe, ubavuni mwa ukuta wa jirani,
na kuku hutagia chini ya ekseli.

"Bafu lavuja," aliniambia kwa simu.
Nikamuuliza, kama nimuulizavyo kila mtu: ghorofa ya ngapi?
Akanyamaza. Kisha: "Wewe njoo uone, fundi."

Nimezibua vyoo vya Majengo, nimepanda matangi ya Tudor,
lakini gari lenye hodhi la kuogea, hilo silijui.
Na hodhi lenyewe! Beseni lililopandishwa cheo.

Mumewe alilinunua kwa wageni waliolikimbia
injini ilipowafia Mariakani.
Akalivuta kwa lori hadi hapa, akatangaza:
Tutakwenda Moyale, tukioga njia nzima.
Mwachirumu alifika hospitali, wodi ya nne,
basi.

Navua kandambili, naingia. Chengo ashika tochi.
Skrubu kumi na moja; ya kumi na mbili haipo,
kumbe kuna mtu alinitangulia.
Ubao ukabanduka na harufu yake:
ukungu, mbao mbovu, sabuni ya miaka.
Nikalaza shavu sakafuni.
Kuna kazi haifanyiki bila kusujudu.

Hapo nikaliona kosa langu kabla sijalifanya:
nilikuwa nimekuja na simenti.
Nyumba ya ardhini, bomba walifukia ukutani, walisahau.
Hii yatetema. Kila shimo la barabara lalegeza nati,
kila breki yasukuma maji konani.
Ukikaza sana, pakatika.
Yataka mpira, yataka nafasi ya kidole,
yataka kiungo kisicho kiburi.

Na kwenye kiwiko, pale pale palipovuja,
ukanda wa tyubu ya baiskeli
umezungushwa mara saba,
ukapigwa fundo la mtu wa bandarini.
Nyuma ya ubao, kwa chaki:
*Wa muda. Mpaka Ijumaa.*

Nikatoka nao nje, nikamwonyesha.
Hakulia. Alisema, "Ijumaa gani, huyu mtu?"
akajifuta mikono kwa leso,
akarudi jikoni, viazi vilikuwa vyaungua.

Nikakata. Nikaweka kiwiko kipya, wosha mbili, tepu nyeupe.
Kichwa cha bomba la mvua nikakiloweka kwenye siki;
matundu yote yalikuwa yamezibwa na chumvi,
maji ya kisima cha Mtongwe hayakionei haya chuma.
Ule ukanda ulibaki kiganjani mwangu.
Chengo akanitazama. Nikamwambia, shika tochi sawasawa,
nikaufunga tena, kwenye bombajirani, kavu,
lisilopitisha kitu.
Hauzuii lolote pale. Sikuuandika kwenye risiti.

Ikabaki kujaribu,
na mfereji wa mji haujatoa tone tangu Jumanne.
Tukamwita wa mkokoteni: mitungi sita.
Bahari i hapo hatua mia, nasi twapatana bei ya maji.

Pampu ikakohoa, ikagugumia kama mtu aliyeamshwa kwa daku,
bomba likatema kutu, likatema upepo,
likatema maji.
Chengo kichwa ki chini ya hodhi: "Kukavu, fundi! Kukavu!"

Bi Mesalimu akaingia, akajifungia.
Tukayasikia yakimwangukia, mtungi wa kwanza, wa pili,
mara kuku wakatoka mbio chini ya ekseli,
wameloa, wanatukana,
mmoja ana povu kichwani.
Nilikuwa sikuuliza maji yatakwenda wapi yakishamwoga mtu.

Tukachukua jembe, tukachimba kijito hadi kwenye mpapai.
Hicho nacho sikukiandika.

Kutoka ndani, juu ya sauti ya maji:
"Fundi! Na hizo tairi, waziweza?"
"Mimi ni wa mabomba, Bi."
"Najua," akasema. "Nauliza tu."
Na akafungulia tena.