Ufunguo Ndani ya Soksi

Barabara ya Hamningberg hufunguliwa mwezi Mei,
katapila likishachimbua theluji hadi ionekane lami.
Sisi tulikuwa gari la tatu kupita,
watu sita katika gari la watu watano,
na Leiv, kwa kuwa ndiye mdogo, kalala juu ya mizigo
kama gunia la viazi lenye maoni.

Tulikubaliana Vardø, kwenye pampu ya mafuta:
tutazungumza njiani. Nyumba ya bibi, iuzwe, isiuzwe.
Mjerumani mmoja ametaja bei, anangoja jibu.

Njiani tukazungumza juu ya kila kitu.
Goti la Oddvar. Bei ya kaa.
Miamba hii iliyosimama wima, safu kwa safu,
ambayo Gudrun anasema ni meno ya dunia
na Ánte anasema ni mawe, Gudrun, ni mawe tu.
Kulia bahari, rangi ya kisu.
Kushoto ukuta wa theluji unaolipita paa la gari kwa kimo.
Katikati sisi, na hita iliyokufa tangu Pasaka,
tukipokezana mfuko wa samaki mkavu,
tukimtafuna polepole
kama mtu anayetafuta neno.

Sandfjord, gurudumu likazama.
Tukashuka. Upepo ukatuvaa bila hodi.
Tukasukuma, moja, mbili, na tope likamruka Torbjørg usoni,
akacheka,
yeye ambaye hakuwa amecheka tangu mazishi,
akacheka hadi akaketi kwenye theluji akishika mbavu,
na kulungu watatu wa kule juu wakainua pembe
kumwangalia bibi wa miaka sabini asiyejua kunyamaza.

Tulifika saa sita ya usiku, jua limeketi juu ya maji.
Huku, mwezi huu, kutwa haina kucha.
Huwezi kumwambia mtu: tutaamua asubuhi.
Asubuhi haiji. Ipo tu.

Nyumba nayo ipo,
rangi imebambuka upande wa baharini.
Synnøve akavua kiatu, akatoa ufunguo ndani ya soksi,
alikouweka ili asiusahau, na sisi tusimwombe.
Ukaingia. Haukuzunguka.
Chumvi ya miaka minane imekila kitasa.
Oddvar akasema, nina nyundo.
Hakuna aliyemjibu.

Dirishani tuliona kikombe kimoja
kimefunikwa juu ya kisahani chake,
kalenda ya duka la nyavu, bado ni Septemba,
na buti za mpira za bibi, ncha zimeelekea mlangoni.

Basi tukanywa kahawa nje, migongo ukutani,
kwenye kijipande kile kisichofikiwa na upepo;
alikikalia bibi na paka wake,
kinatosha watu wawili. Tulitosha sita.
Leiv akauliza, kwa hiyo?
Gudrun akasema, kwa hiyo nini?
Synnøve akaurudisha ufunguo sokisini, akafunga kamba za kiatu,
fundo mbili.

Wakati wa kurudi hakuna aliyemtaja Mjerumani.
Tumeshapita Sandfjord, Leiv anakoroma juu ya mizigo,
ndipo Ánte akasema, kama anayemalizia sentensi ya zamani:
mafuta ya cherehani.
Tone mbili, uache yalale usiku kucha.
Usiku upi, akauliza Torbjørg,
akaanza tena kucheka.