Kiini

Ilikuja Newala na basi la alfajiri kutoka Mtwara,
sahani moja ndani ya bahasha ya kaki,
juu yake wino mzito: HURU. BURE. GAWENI.
Mkuu wa shule alisoma neno la kati.
"Bure," akasema, na kalamu ikatia saini yenyewe.

Mimi ni wa ghalani. Kabla ya funguo za chumba hiki
nilishika bambo misimu minne, chama cha msingi:
choma gunia ubavuni, kinga kiganja,
kata korosho katikati, tazama kiini.
Cheupe. Chenye doa. Kilichonyauka. Hamna.
Mwenye gunia atasema mengi, tena kwa kiapo;
kisu hakina shemeji.

Basi na toleo lile nikalikata.
Faili kwa faili, msimbo ulilala wazi
kama korosho zilizoanikwa jamvini.
Pahala fulani mtu tusiyemjua ameandika:
samahani, hapa palinishinda, atakayeweza apanyooshe.
Akwilini Mnyambe, kidato cha tatu,
aliona kitufe kimeandikwa "Hairisha".
Akaingia ndani, herufi mbili akazipisha,
"Ahirisha", na mashine ikamtii
kijana wa Kitangari mwenye jozi moja ya viatu.
Siku hiyo nilielewa: huru si ndugu wa bure.
Bure tunaijua sisi. Mtu wa kangomba huleta unga Februari,
haulizi kitu, haandiki kitu,
na Oktoba mkorosho wako unakubakizia kivuli.

Kisha kisu kikagota.
Faili moja, ya kadi inayonasa mtandao hewani:
haina sentensi, haina samahani, haina jina la mtu;
namba zimeshindiliwa, na kibali kimesimama mlangoni:
beba, tumia, usifungue.
Shimo la Mungu pale ukingoni ni refu,
lakini ukungu ukiondoka unaona hadi mashamba ya chini.
Hili halikuwa refu. Lilikuwa limefunikwa.

Mwalimu Petronila wa fizikia alicheka:
"Moja katika elfu sitini! Gunia gani hilo
uliwahi kulikuta safi kiasi hicho?"
Sikuwahi, mwalimu.
Lakini sikuwahi pia kuandika daraja la kwanza
kwa kokwa ambayo sikuruhusiwa kuigusa.

Nikaifuta. Mtandao ukafa palepale.
Tukavuta waya kutoka ofisini, tukaupitisha dirishani,
ukatosha mashine sita; kumi na nne zikapanga foleni
kama ndoo za Newala, wiki ya bomba kukauka,
na usajili wa kidato cha nne unafungwa Ijumaa.
Alhamisi usiku niliirudisha. Kwa mkono huu.
Sijivuni, wala sikulia.

Asubuhi nikabandika mlangoni kipande cha boksi:
DARAJA LA PILI. KIINI KIMOJA HAKIKUKATIKA.
Chini yake jina la faili, kila anayeingia alione.
Nikajiona nimemaliza.

Akwilini alisoma, akarudi kinyumenyume, akasoma tena.
"Na ile chipu ya chini," akauliza,
"inayoamka kabla mfumo haujaamka,
hiyo nani aliikata?"

Nilipapasa mfuko wa shati.
Mlikuwa na funguo tu.