Badilisha Jina Tu

Nilipomwambia mama nimesomea rasilimali watu
aliacha kupepeta karanga, akauliza:
"Mali ya nani?"
Miaka mitatu chuoni, swali hilo halikuja kwenye mtihani.

Mbale wakanipa fulana ya kijani na barua ya ajira.
Kazi ni ya ofisini, ila kwanza wiki sita chini, dukani,
uwajue watu kabla hujawaandika.
Nikapangwa na Nabifo, kaunta ya nne,
mwanamke mfupi, kalamu imechomekwa kwenye nywele.
Hakuniuliza shahada.
Alinionyesha jinsi maziwa yanavyopangwa,
yanayokaribia kuharibika mbele, mapya nyuma,
kwani mteja huchukua kinachomtazama;
jinsi ya kuinua katoni ya mafuta kwa magoti, si kwa kiuno;
na jinsi ya kumwambia mzee aliyepungukiwa mia tano
arudishe sabuni, foleni isisikie.

Saa saba tulikula juu ya kreti za soda,
malewa yake ya karanga, chapati yangu.
Wanale ilikuwa imejitia winguni hadi shingoni.
Alivua viatu akavitazama vidole vyake
kama mtu anayehesabu chenji.

Wiki ya saba nikapandishwa ngazi.
Ngazi kumi na nne, nilizihesabu.
Chumba kiko kati ya stoo ya mchele na jenereta:
meza, kiti kinachozunguka, kabati la chuma
na ndani yake watu themanini na watatu
wamelazwa kwa herufi.
Nikajitafuta. Nilikuwepo,
Apolot, kati ya Anyait wa mikate na Bisikwa wa lango,
karatasi mbili na picha yenye woga.

Faili la kwanza kuwekwa mezani pangu
lilikuwa la Nabifo.
Upungufu wa kaunta, mara tatu, jumla
elfu thelathini na nane na mia nne.
Meneja alisimama mlangoni, hakuingia.
"Mfano wa barua uko kwenye kompyuta.
Badilisha jina tu."

Nikaufungua. Aliyetangulia bado alikuwa humo,
Gidudu F., Desemba iliyopita,
na mwishoni, Tunakutakia kila la heri.

Nilitaka kuwa mwangalifu, basi nikavuta ratiba za zamu.
Likizo: mstari mtupu, miezi kumi na tisa.
Upungufu wa kwanza, Jumamosi ya zamu mbili mfululizo.
Wa tatu, vilevile.
Wa pili
nikausoma, nikaufunika kwa kiganja, nikausoma tena.

Ijumaa ile. Mvua. Foleni hadi kwenye friji za samaki.
"Kaa wewe," aliniambia, "mkono uzoee,"
akasimama nyuma yangu akifunga mifuko.
Nilikaa kwenye kiti chake, kwa namba yake,
na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akanyoosha mkono,
na noti zilikuwa zimelowa,
na elfu kumi zilizogandana mbili mbili
hazimpigi kelele mtu anayetabasamu kwa wateja.

Jioni mahesabu yalipogoma
Nabifo alisaini bila kunitazama.
Nilidhani ni uchovu.

Sasa shahada yangu iko ukutani, ndani ya kioo,
na neno lenyewe, nikilitazama vizuri,
linataka shahidi.

Nimemwita. Si kwa barua,
nimemtuma Bisikwa, amwambie aje akimaliza foleni.
Jenereta limewaka, meza inatetemeka kidogo.
Nimefuta Gidudu. Nimeandika jina langu
nione linavyokaa pale, juu ya kila la heri.
Linakaa vibaya. Linakaa.
Sijui bado kama nitabonyeza kitufe cha kuchapa,
au nitaandika barua nyingine kabisa, ndefu, yenye tarehe,
ambayo hakuna mfano wake.

Viatu ngazini. Tisa, kumi. Anapumzika. Kumi na moja.
Anaingia, jasho kwenye mdomo wa juu,
anaangalia kiti kinachozunguka, haangalii faili,
kisha ananiangalia mimi:
"Umekula?"