Nyimbo Kumi kwa Mia Tano

Walikuja Jumanne, saa nne ya asubuhi,
watu wanne, mashati yamenyooka kwa pasi,
mmoja kashika karatasi yenye muhuri,
wakasimama mbele ya banda la Sleyum, Machomanne,
chini ya ubao alioandika kwa rangi iliyobaki mlangoni:
TUNATIA NYIMBO. KUMI KWA MIA TANO. KASWIDA BURE.

Kompyuta ikatolewa nje, waya zinaburura.
Wimbo ulikuwa ukiimba "mpenzi usi—"
ukakatika hapo.
Hatukujua asifanye nini.

Chake haifichi jambo. Watu wakajaa.
Bi Mize akaacha pweza wake kwenye mafuta:
"Kaiba nini mtoto wa watu?
Nikija kwako kuomba kaa la moto,
jiko lako linazimika?"
"Halizimiki!"

Mzee Mbarouk akapenya na bakora yake:
"Sie tulipekuliwa karafuu hadi ndani ya mito ya kulalia.
Mkarafuu wa babu yangu, shamba la babu yangu,
nikikutwa na pishi usiku njia ya pwani, mie mwizi.
Leo nyimbo.
Kesho watatupekua miluzi."

Na kijana wa bodaboda, kakalia pikipiki yake:
"Msanii mwenyewe ana gari la vioo vyeusi.
Mie nina pancha."

Mwenye karatasi akasema: hakimiliki.
Akasema tena.
Mara ya tatu simu ikamlilia mfukoni,
nayo ikalia kwa wimbo,
wimbo mzima, na kiitikio chake.
"Huo umenunua duka gani, bwana?"
Soko zima likaangua kicheko.
Akaikata bila kuitazama.

Mie nilikuwa nyuma, na kapu la muhogo.
Nilicheka nao.
Kisha kicheko kikanikaa kooni kama mwiba wa changu.

Mie ni binti Ngwali.
Ngwali wa fidla, wa kikundi cha Wete,
miaka ishirini na mbili hakukosa harusi
ila ile yangu, alikuwa keshalala kitandani.
Walirekodi kanda moja tu,
chumbani, magodoro yameegemezwa kuta nne,
wakalipwa soda na nauli ya kurudi.
Kanda ikafika Unguja, ikafika Mombasa, ikafika Maskati.
Yeye hakufika popote.
Alikufa jina lake limo daftarini kwa muuza duka:
sukari robo, sukari robo, mafuta ya taa.
Hata mchuma karafuu hulipwa kwa pishi.
Siku ile mashati haya yalikuwa wapi?

Lakini sikilizeni na hili.
Kanda yetu ya nyumbani ililiwa na kuvu.
Aliyeipata nyingine, kwa bibi mmoja wa Konde,
akaipangusa, akaitia kwenye mashine,
ni huyu huyu Sleyum.
Akaiita FIDLA YA KIZEE 3.
Jina la baba hakuliandika, hakulijua.
Kumi kwa mia tano:
kwa hesabu hiyo baba yangu ni shilingi hamsini.
Na kwa hamsini hiyo nilimsikia
akikohoa kidogo kabla hajaanza.
Kikohozi chake. Kile kile.

Basi nimlilie nani?

Usiku nilipita bandani. Sleyum yumo gizani,
meza tupu, vumbi limebakisha umbo la kompyuta.
Akavua kiatu, akatoa flashi kwenye soksi.
"Yule mzee yumo humu. Chukua."
Nikamwambia yule mzee anaitwa nani.
Akanyamaza muda mrefu.

Nikaweka mia tano mezani.
Akaisukuma kwangu: "Hii ya kwako."
Nikairudisha: "Umeitunza wewe."
Akaisukuma tena.

Nikaondoka.
Sijui nani aliiokota.